Laini moja, majina matatu

Namba yangu ya simu inaanza na 0784. Nimekaa nayo kuliko nilivyokaa kwenye kazi yoyote, kwenye nyumba yoyote ya kupanga na, mke wangu atanisamehe, kuliko nilivyokaa naye. Niliinunua Arusha mwaka 2006 ikiwa Celtel, nyekundu na njano. Miaka miwili baadaye ikaitwa Zain. Ikapita miaka miwili mingine, ikaitwa Airtel. Muda wote huo mimi sijahama. Kampuni ndiyo iliyokuwa ikihama juu ya kichwa changu, toka Uholanzi kwenda Kuwait, toka Kuwait kwenda Delhi, nami nipo chini huku nakwangua vocha kwa sarafu ya shilingi mia. Waliokwangua wanakumbuka: ukiwa na pupa unafuta na tarakimu, na ile rangi ya kijivu inaganda kwenye ukucha mpaka jioni.

Aliyenifanya niitazame kampuni hii kwa jicho jingine ni mjomba wangu. Wakati huo alikuwa akipeleka vitunguu Nairobi. Anavitoa Mang'ola, kule kando ya Ziwa Eyasi, anavipandisha Karatu, anashuka Arusha, anavuka Namanga, anaviuza Marikiti. Mfukoni alikuwa na simu mbili zilizofungwa pamoja kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, kama matofali mawili. Moja ya laini ya Tanzania, nyingine ya Kenya. Akikaribia mpaka anaizima ya kwetu na kuiwasha ya kwao, kwa sababu ukiwa ng'ambo hata kupokea tu ulikuwa unalipa, tena hela ya kuumiza. Toka hapo hapatikani. Bei ikianguka Arusha hajui, mtoto akiugua hajui, mpaka arudi Namanga na kugeuza lile tofali upande wa pili.

Septemba 2006 Celtel ikatangaza kitu ilichokiita One Network. Kenya, Uganda na Tanzania zikawa kama mtandao mmoja: ukivuka mpaka na laini yako unapiga kwa bei ya huko uliko, unapokea bure, na salio likiisha unanunua vocha ya nchi hiyo hiyo na kuiweka kwenye laini yako ya nyumbani. Mjomba hakuamini. Alikuwa ameshavuka, yuko upande wa Kenya, akanibipu kwa namba yake ya Tanzania. Nikampigia. Ikaita. Akapokea, na neno lake la kwanza halikuwa salamu.

"Unalipa wewe au nalipa mimi?"

Nikamwambia mjomba, nalipa mimi. Akakata hapo hapo. Baadaye alinieleza kwamba alikata ili ahakikishe salio lake halijaguswa. Halikuwa limeguswa. Akanunua vocha ya Kenya, akaiingiza kwenye laini ya Tanzania, salio likapanda. Siku hiyo alinipigia mara nne bila jambo lolote la maana.

Kwa kampuni nyingine hesabu ya jambo hili ilikuwa ngumu. Mteja wako akienda kutumia mnara wa mtu mwingine, mwenye mnara anakuletea ankara, nawe unaiongeza chumvi na kumpelekea mteja. Lakini kama minara ya Namanga kaskazini na Namanga kusini ina mwenyewe mmoja, ankara hiyo inatoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Ilibaki kupata ruhusa za serikali za kuunganisha mitandao moja kwa moja bila kupitia kwenye milango ya kimataifa ya mashirika ya umma, yaani mitambo iliyopitisha simu za nje ya nchi, na hapo katikati ya miaka ya 2000 ndipo milango hiyo ilipokuwa ikifunguliwa. Kwetu ukiritimba wa TTCL, shirika kongwe la simu za mezani, ulikuwa umekoma Februari 2005. Nasema bila kusita kwamba hili ndilo wazo bora kuliko yote ambayo kampuni hii imewahi kuwa nayo chini ya majina yake yote. Watu wa Namanga, Sirari, Mutukula na Holili walikuwa wakiishi hivyo siku zote, mguu mmoja huku na mwingine kule. Kampuni ilichofanya ni kuwafuata.

Mwanzilishi wake naye alikuwa mtu wa mguu huku na mguu kule. Mo Ibrahim ni Mnubi, alizaliwa Sudan mwaka 1946, akasomea uhandisi Alexandria, Misri, akafanya kazi kwenye shirika la simu la Sudan, kisha akaenda Uingereza na kuchukua shahada ya uzamivu Birmingham katika mawasiliano ya simu zisizo na waya. Akawa mkurugenzi wa ufundi wa Cellnet, mtandao wa simu za mkononi wa British Telecom, enzi ambazo simu ya mkononi ilikuwa ya kubebwa begani. Mwaka 1989 akatoka na kuanzisha kampuni ya ushauri, MSI, iliyokuwa ikichora mitandao ya watu wengine: mnara ukae wapi, uelekee wapi, ubebe simu ngapi.

Wateja wake walikuwa makampuni makubwa ya Ulaya, na amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akiwashangaa. Walikuwa wakigombea leseni kwa fedha nyingi kwao, wakati leseni za Afrika zilikuwa zikitolewa kwa bei ya kutupa, nyingine karibu na bure. Alipomgusia mkubwa mmoja habari za leseni ya Uganda, yule bwana akamjibu kwamba hawezi kwenda mbele ya bodi yake kuomba biashara kwenye nchi ya Idi Amin. Amin alikuwa ameondoka madarakani tangu 1979! Ujinga wa namna hiyo kwa wengine ni tusi. Kwa Ibrahim ulikuwa punguzo la bei. Mwaka 1998 akaingia mwenyewe, kwa kampuni iliyokuja kuitwa Celtel.

Hakuanza na nchi zenye majina. Uganda, Zambia, Malawi, Gabon, Chad, Kongo zote mbili, na Sierra Leone ikiwa bado vitani. Benki hazikutaka kumkopesha, kwa hiyo fedha nyingi zilitoka kwa wanahisa. Na leseni ikishapatikana ndipo kazi inaanza, maana kujenga mnara mahali pasipo na umeme ni kujenga kituo kidogo cha kufua umeme chenye mnara juu yake: jenereta, tangi la dizeli, uzio, mlinzi, na lori la kuleta dizeli kwenye barabara ambayo masika haipitiki. Anayelalamika kwamba simu Afrika zilikuwa ghali miaka ile (nami nililalamika sana) akumbuke kwamba katika kila dakika aliyozungumza, kuna vijiko kadhaa vya dizeli alivilipia.

Mfano wangu wa kudumu ni Kinshasa na Brazzaville. Miji mikuu miwili inayotazamana, katikati pana mto tu. Usiku unaona taa za wenzako. Simu kutoka mmoja kwenda mwingine ilikuwa ikipanda kwenye setilaiti, inakwenda Ulaya, inarudi, na bei yake inafuata safari hiyo yote. Celtel ilipokuwa na leseni pande zote mbili ikaweka mitambo ya mawimbi kingo hizi na hizi, simu ikawa inaruka mto. Ukiijua habari hiyo, One Network ya Namanga haikushangazi tena. Ni ule mto tu, safari hii kavu.

Jingine lililobaki midomoni mwa watu ni rushwa. Kwenye biashara ya leseni, ambako waziri mmoja anaweza kukuzuia miaka mitatu, Ibrahim aliweka kanuni kwamba malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 lazima yaidhinishwe na bodi. Waziri akitaka chake, meneja wa nchi anasema kwa unyenyekevu kwamba yeye hana mamlaka, waombwe wazee wa bodi. Na bodi ilijaa watu wazito wasioweza kuandikiwa barua ya aina hiyo. Huo ni ujanja wa mtu aliyekulia kwetu: hukatai, unasema subiri nimuulize mzee.

Hapa Tanzania iliingia kwa mlango wa TTCL. Mwaka 2001 serikali iliuza asilimia 35 ya shirika lile kwa ubia wa MSI na Detecon ya Ujerumani, na Celtel Tanzania ikazaliwa humo ndani mwishoni mwa mwaka huo. Ilichelewa. Mobitel ilikuwepo tangu 1994, Vodacom tangu 2000. Mwaka 2005 ikatenganishwa na mama yake, serikali ikibaki na asilimia 40, na mgawanyo huo ukaacha maswali yaliyokuja kufumuka miaka mingi baadaye, kama nitakavyogusa.

Mwaka huo huo wa 2005 Celtel ilikuwa na leseni katika nchi 13 na ilikuwa ikijiandaa kuuza hisa London. Kabla haijafika sokoni wakatokea Wakuwaiti wa MTC, kampuni ya simu ya kwao, na dola bilioni 3.4. Kampuni iliyozaliwa miaka saba nyuma kwa sababu hakuna aliyeitaka Uganda! Kwa hiyo simu yangu ilipoingia mfukoni mwaka 2006 ilikuwa tayari ya Kuwait, ingawa kwenye kadi iliandikwa Celtel, na ile One Network ya mjomba ilizinduliwa chini ya mabwana wapya. Wanastahili sifa kwa hilo. Mwaka 2007 wakaipanua hadi Kongo zote mbili na Gabon, kisha nchi nyingine.

Sehemu ya Zain nitaipita haraka, kwa sababu nayo ilipita haraka. Agosti 2008 jina likabadilishwa Afrika nzima kwa mkupuo. Mabango yalipendeza kweli. Lengo lilitangazwa kuwa moja ya kampuni kumi kubwa za simu duniani kufikia 2011. Ilipofika 2010, waliuza. Nikitazama nyuma naona kampuni iliyokuwa ikikua kwa ramani: nchi moja, nyingine, nyingine. Ramani inapendeza ukutani, lakini kila nchi ina sarafu yake, mdhibiti wake, kodi zake na mshindani wake aliyekwisha kukaa kwenye kiti.

Aliyenunua, Sunil Mittal wa Airtel ya India, alianzia kwenye baiskeli. Mwaka 1976, Ludhiana, jimbo la Punjab, kijana mdogo akitengeneza vipuri vyake. Akahamia kuagiza jenereta kutoka Japani. Serikali ya India ikapiga marufuku uagizaji, biashara ikafa siku moja. Akahamia simu za mezani za vitufe, wakati India bado inazungusha kwa kidole. Leseni za simu za mkononi zilipotangazwa mwaka 1992 akaomba, na mwaka 1995 akaiwasha Airtel Delhi. Afrika aliitaka kwa muda mrefu na mchumba wake wa kwanza hakuwa sisi: alizungumza na MTN ya Afrika Kusini mwaka 2008, wakashindwana, akarudi 2009, wakashindwana tena. Juni 2010 akaichukua Zain ya Afrika, nchi 15 na wateja wapatao milioni 42, kwa dola bilioni 10.7. Aliyenyimwa binti mkubwa akaoa mdogo, na mahari ikapanda mara tatu ya ile ya 2005.

Alikuja na kitu kilichompa utajiri kwao, kilichoitwa kiwanda cha dakika. Usiendeshe mambo usiyoyaweza: mitambo wape Ericsson na Nokia, kompyuta wape IBM, wewe shika wateja na bei. Shusha bei mpaka chini kabisa, watu wataongea mara mbili, mara tatu, na kwenye wingi wa dakika ndiko iliko faida. India ilikubali. Huku ilikuja ikakuta mambo mawili.

La kwanza ni ile dizeli. Bei ya dakika ukiishusha, bei ya dizeli haishuki nayo, na wateja wetu hawakubanana kwenye eneo dogo kama wa Delhi.

La pili lilionekana Kenya hata kabla jina halijabadilika. Agosti 2010 mdhibiti wa huko alikata ada ambayo mitandao inalipana simu inapovuka kutoka mmoja kwenda mwingine, kutoka Sh 4.42 ya Kenya hadi 2.21. Siku hizo hizo Zain ikashusha simu hadi shilingi 3 kwa dakika. Marikiti walishangilia. Mjomba alirudi akisema Wakenya wote watahamia huku, ameona kwa macho yake vijana wakinunua laini mpya kwenye kila kona. Ni kweli walinunua. Lakini laini yao ya Safaricom hawakuitupa, na Safaricom nayo ilishusha bei. Kilichowazuia kuhama ni kwamba hela zao zilikuwa kwenye ile laini nyingine.

M-Pesa ilikuwa imeanza Kenya Machi 2007. Zain ilileta Zap yake mwaka 2009, miaka miwili nyuma, na kwenye biashara hii miaka miwili ni kizazi. Mtu mwenye mshahara, karo za watoto na deni la kikoba kwenye laini moja humhamishi kwa kumpunguzia shilingi mbili za kuongea. Atanunua laini yako, atapiga simu ndefu kwa bei yako, kisha ataichomoa. Afrika Mashariki nzima ilijaa watu wenye laini tatu kwenye pochi, na ripoti za makampuni yote zikawahesabu kila mmoja kama mteja.

Mjomba akawa shahidi wangu kwa mara ya pili, bila kupenda. Wanunuzi wake Marikiti wakaanza kukataa kubeba noti. "Mzee, nikutumie kwa simu." Kwa simu ipi? Kwa M-Pesa ya Kenya. Akakaa mwaka mmoja akibisha, kisha akanunua laini ya Kenya, akatafuta simu ya pili, akaenda kwa fundi baiskeli akaomba kipande cha mpira. Kile ambacho One Network ilikifungua mwaka 2006, pesa ilikifunga tena. Alipovuka Namanga na lile tofali kifuani sikusema kitu, ila alijua ninachokitazama.

Hapo nadhani ndipo ulipo ukuaji halisi wa kampuni hii, na ulichelewa. Waliacha kuhesabu nchi: Burkina Faso na Sierra Leone wakaziuzia Orange mwaka 2016. Waliacha hata kumiliki minara. Hapa Tanzania makubaliano ya mwaka 2021 yaliiuza minara ipatayo 1,400 kwa Wamarekani wa SBA na wenzao, kwa dola milioni 175. Kuna mmoja kwenye kilima nje ya Karatu ambao tangu zamani tunauita mnara wa Celtel. Juzi nilimwambia mlinzi hivyo hivyo, akanisahihisha kwa upole wa mtu aliyesahihisha wengi: "Hao ni wapangaji tu, kaka." Ule mnara uliokuwa fahari yao sasa wanaulipia kodi kama mimi na nyumba yangu.

Wakaelekeza nguvu kwenye pesa na intaneti. Mwaka 2014 Airtel Money, Tigo Pesa na EzyPesa ya Zantel walikubaliana hapa kwetu kwamba mtu wa mtandao mmoja amtumie wa mwingine moja kwa moja, jambo lililokuwa geni karibu duniani kote, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kwa mtandao usio wa kwanza sokoni hiyo ilikuwa dawa, kwani ukuta ukibomolewa anayefaidi zaidi ni yule aliyekuwa nje. Mwaka 2021 mfuko wa uwekezaji wa TPG ukaweka dola milioni 200 kwenye Airtel Money, na Mastercard ikaweka milioni 100.

Katikati ya hayo kulikuwa na ile kesi ya mama na mtoto. Desemba 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba Airtel ni mali ya TTCL. Yakafuata mazungumzo ya mwaka mzima, Mittal mwenyewe akaja Ikulu, na Januari 2019 ikatangazwa kwamba serikali itakuwa na asilimia 49 badala ya 40, bila kulipia nyongeza hiyo. Yaani laini yangu ikawa karibu nusu ya umma, na mimi nikiwa sehemu ya umma nilipiga hesabu ya gawio langu nikacheka peke yangu.

Mwezi Juni mwaka huo huo Airtel Africa iliorodheshwa kwenye soko la hisa la London, mahali pale pale ambapo Celtel ilikuwa inaelekea mwaka 2005 kabla Wakuwaiti hawajatokea. Ilichukua miaka 14 na wamiliki wawili kufika. Kufikia Machi 2025 ilikuwa na wateja milioni 166 katika nchi 14, na zaidi ya milioni 44 kati yao wanatumia pesa kwa simu. Sarafu nazo hazijaacha kuwasumbua: Nigeria, soko lao kubwa kuliko yote, ilipoacha kuishikilia bei ya naira mwaka 2023, sarafu hiyo ikaporomoka, na mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2024 ukafungwa kwa hasara ya dola milioni 89, ingawa wateja walikuwa wameongezeka na wanaongea kuliko zamani. Ukikusanya kwa naira na kwacha na shilingi, kisha ukasomewa hesabu kwa dola, jasho lako linapunguzwa na mtu usiyemjua.

Mjomba sasa amestaafu. Binamu yangu ndiye anayepeleka vitunguu, na simu yake ni moja yenye laini mbili ndani, ya Tanzania na ya Kenya, hakuna cha kufunga wala kufungua. Wateja wa Marikiti wanamtumia picha za magunia kwa WhatsApp na kubishana bei kwa sauti zilizorekodiwa. Mwezi uliopita nilikwenda Mang'ola kumsalimia mzee. Akanitolea daftari la madeni, anataka nimsaidie kujumlisha, na lilikuwa limefungwa kwa mpira wa baiskeli, ule ule, umepauka na kuanza kukatika pembeni. Tukajumlisha. Wadaiwa watatu walikuwa Wakenya. Akachukua simu yake ya vitufe, akanitazama.

"Nikimpigia huyu sasa hivi," akasema, "analipa yeye au nalipa mimi?"